Ridhaa ya Umma: Jinsi Dola Inavyoijenga na Inavyoipoteza

Hakuna serikali duniani yenye askari wa kutosha kumsimamia kila mwananchi shambani, sokoni na nyumbani kwake. Hata utawala mkali kupita yote hutegemea kwamba watu wengi, kwa siku nyingi, watatii bila kushikiwa fimbo: watalipa kodi, watapeleka watoto shule, watahudhuria mkutano ukiitishwa. Utii huo una vyanzo vitatu. Cha kwanza ni hofu. Cha pili ni masilahi, yaani kazi, cheo, pembejeo au barabara anayoitarajia mtu. Cha tatu ni imani kwamba anayetawala anastahili kutawala. Hofu ni ya gharama, kwa kuwa hutaka ulinzi usiolala. Masilahi nayo hukoma hazina inapokauka. Imani ndiyo nguzo inayodumu, na ndiyo maana kila mtawala hujishughulisha na yale watu wanayoyawaza.

Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber alieleza kuwa imani hiyo hutokana na mila, na haiba ya kiongozi, au na sheria zinazokubalika. Antonio Gramsci, Mwitaliano aliyeandika akiwa mfungwa wa utawala wa Mussolini, alikwenda mbali zaidi. Kwake, wanaotawala hudumu pale mawazo yao yanapogeuka kuwa busara ya kila siku ya watu wote, kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena yametoka kwa nani.

Tanganyika, na baadaye Tanzania, ya miaka ya 1954 hadi 1995 inaonyesha vizuri kazi hiyo. Dola yake haikuwa tajiri wala haikuwa na jeshi kubwa, hivyo ililazimika kutegemea ushawishi kuliko dola nyingi za wakati wake. Ilifanikiwa sana katika mambo fulani na kushindwa katika mengine, na tofauti kati ya mafanikio na kushindwa huko ina mafunzo kwa kila nchi.

Ushawishi kabla ya mamlaka

Chama cha kupigania uhuru cha TANU kilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, hakikuwa na polisi, redio wala hazina. Serikali ya kikoloni ya Gavana Edward Twining ilikuwa na vyote hivyo, pamoja na gazeti la Kiswahili la Mambo Leo lililoanza 1923 na matangazo ya redio yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956, kwa kuhimizwa na Twining, kiliundwa chama cha United Tanganyika Party, UTP, ili kikishinde TANU. Kilipata baraka za wakubwa, lakini wananchi hawakukifuata. Kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kikatoweka. Mwaka 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71.

Vyombo vya serikali havikufua dafu kwa sababu TANU haikuanza kwa kupandikiza mawazo mapya. Ilikuta malalamiko tayari. Wameru walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ipewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka kesi yao Umoja wa Mataifa. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta milimani mpaka vurugu zikazuka mwaka 1955. Kila eneo lilikuwa na uchungu wake na kila mtu aliuona kuwa wa kwao tu. TANU iliyaunganisha malalamiko hayo, ikaonyesha kwamba yana chanzo kimoja, na ikatoa dawa moja: uhuru. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya siasa katika kuunda maoni ya umma. Mtu anasaidiwa kuona kwamba shida yake ni ya wengi na kwamba yupo anayeisababisha.

Ujumbe ulipita kwa watu walioaminika. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam kabla ya kuongoza tawi la wanawake la TANU mwaka 1955. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi, wanachama, michango na mazoea ya kukusanyika, na kupitia kwake vikawa mtandao wa chama. Mwaka 1940, huko Ohio nchini Marekani, Paul Lazarsfeld na wenzake walichunguza jinsi wapigakura wanavyoamua, wakakuta kwamba watu hushawishika zaidi na majirani wanaowaheshimu kuliko redio na magazeti. Wanawake wa Dar es Salaam walithibitisha jambo hilo kwa vitendo miaka 15 baadaye.

Kushika vipaza sauti

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, chama kilichokuwa kikipingana na dola kikawa chenyewe ndiyo dola, na njia zake zikabadilika. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya mwezi Januari, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja, NUTA. Mwaka 1965 katiba ya muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Mwaka huohuo shirika la utangazaji lililokuwa na uhuru kiasi lilivunjwa, ikaundwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya wizara. Gazeti la Uhuru lilikuwa la TANU tangu mwanzo. Gazeti la Kiingereza la Standard, lililomilikiwa na kampuni ya kigeni, lilitaifishwa mwezi Februari 1970.

Chini kabisa kulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengi walimwita balozi. Mfumo huo ulienea tangu mwaka 1963 na 1964. Balozi alisuluhisha ugomvi wa majirani, alimtambua mgeni aliyehamia, alikusanya ada za chama na kutangaza mikutano. Mwananchi aliyehitaji barua ya utambulisho alianzia kwake. Mamlaka hayo hayakuwa ya ofisi ya mbali. Yalikuwa na jina, uso na mlango wa kubisha hodi. Kwa njia hiyo maagizo yalishuka haraka, na habari za nani anasema nini zilipanda haraka vilevile.

Kushika vyombo hivyo hakukuwa na maana ya kuwalazimisha watu wafikiri jambo fulani. Wachunguzi wa vyombo vya habari Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliofanya utafiti huko North Carolina wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 1968, walieleza kwamba nguvu kubwa ya vyombo hivyo ni kuchagua mambo ambayo watu watayafikiria. Uchaguzi wa Tanzania wa 1965 unaonyesha jambo hilo. Katika majimbo mengi chama kilisimamisha wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na ushindani ulikuwa wa kweli. Wabunge kadhaa walianguka, akiwemo waziri wa fedha Paul Bomani. Mwananchi aliweza kumwondoa mtu. Hakuweza kuchagua sera nyingine, kwa sababu swali la sera halikuwekwa mezani. Hapo ndipo madaraka yanapofanya kazi yake kimyakimya kuliko popote: katika kuamua ni maswali gani yaulizwe.

Lugha na mfano wa kiongozi

Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata benki zikataifishwa. Mapokezi yake yalikuwa makubwa. Maandamano ya kuliunga mkono yalifanyika nchi nzima, vijana walitembea kwa miguu masafa ya mamia ya kilomita, na Rais Julius Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza.

Umma ulikuwa na sababu ya kuamini. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400 wa elimu ya juu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia mishahara minono ya viongozi. Nyerere aliwafukuza chuoni, lakini papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Azimio likafuata na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Ahadi iliyomfunga mtoa ahadi kabla ya kumfunga mwananchi ilikuwa na uzito ambao hotuba peke yake isingekuwa nao.

Azimio lilikuja pia na msamiati wake. Unyonyaji, ubepari, kupe, mirija, kujitegemea na ukabaila yalikuwa maneno ya redioni, darasani na vijiweni. Neno ndugu lilichukua nafasi ya bwana katika mikutano na barua rasmi. Msamiati wa namna hiyo hupanga dunia: mwenye duka kubwa anaonekana kuwa mnyonyaji kabla hajasema neno, na mkulima anajiona kuwa ndiye mwenye nchi. Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieleza Azimio, na Mathias Mnyampala akaanzisha ngonjera, mashairi ya majibizano yaliyoghaniwa na watoto wa shule mbele ya wageni na wazazi. Katika ngonjera mmoja huanza akiwa hajui au anapinga, na mwisho hushawishika na kukubali. Bendi nazo, nyingi zikiwa za taasisi za umma kama NUTA Jazz na Polisi Jazz, zilitunga nyimbo za kuisifu siasa ya nchi. Mtu aliyekwenda kucheza dansi Jumamosi jioni alikutana na Azimio hukohuko.

Kampeni zilizozaa matunda

Mafanikio makubwa kupita yote yalikuwa katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67; mwaka 1977 takwimu rasmi ziliwaweka kwenye asilimia 27. Ni nchi chache maskini zilizopiga hatua kama hiyo kwa miaka kumi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inaeleza ilivyowezekana. Iliwagusa watu wapatao milioni mbili. Kwa wiki 12, vikundi vidogo vilikusanyika kuzunguka redio, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, vikajadiliana chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo, kisha vikaamua kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena. Mada zilikuwa malaria, kuhara, kichocho, kifua kikuu na minyoo. Watu walichimba vyoo, walifukia madimbwi, walifyeka vichaka karibu na nyumba.

Ujumbe wa kampeni hiyo ulitoka juu, kama jumbe nyingine zote za wakati ule. Ulifanikiwa kwa sababu tatu. Kwanza, ulizungumzia jambo ambalo msikilizaji angeweza kulihakiki mwenyewe, kwani mtoto aliyeacha kuharisha ni ushahidi usiohitaji afisa wa kuuthibitisha. Pili, ulimpa msikilizaji nafasi ya kuuliza na kubisha ndani ya kikundi. Tatu, ulimwachia uamuzi wa mwisho juu ya kaya yake. Ushawishi wa namna hiyo humwongezea uwezo anayeshawishiwa, na hapo ndipo unapotengana na propaganda, ambayo humtaka akubali na kurudia.

Pale ushawishi ulipoishia

Siasa ya vijiji vya ujamaa ilianza kwa njia hiyohiyo ya hiari. Huko Ruvuma wakulima walikuwa wamejiunga wenyewe katika vijiji vya pamoja chini ya Ruvuma Development Association, wakijiamulia kazi, mapato na hata masuala ya shule yao. Nyerere aliwasifu. Lakini viongozi wa chama mkoani na kitaifa hawakufurahia kikundi cha wananchi kilichojiongoza bila wao, na mwezi Septemba 1969 jumuiya hiyo ikapigwa marufuku. Jumuiya iliyoishi itikadi ya chama kwa ukamilifu kuliko zote ilivunjwa na chama chenyewe. Ilidhihirika kwamba dola ilitaka kukubaliwa na pia ilitaka iwe mlango pekee ambao makubaliano yote yapitie.

Kule Ismani, mkoani Iringa, wakulima wa mahindi walipinga mashamba yao kuingizwa katika vijiji. Siku ya Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu. Baadaye alihukumiwa na kunyongwa.

Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Operesheni Vijiji iliyofuata ilihamisha mamilioni ya watu, na kufikia 1977 serikali ilihesabu watu milioni 13 waliokuwa wakiishi katika vijiji. Sehemu nyingi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Familia ziliacha miembe, minazi na makaburi ya wazee wao. Ukame wa miaka hiyo na kuhamishwa huko vilichangia upungufu mkubwa wa chakula katika 1974 na 1975.

Redio na magazeti yalieleza zoezi hilo kama ushindi. Viongozi wa wilaya walishindana kutoa taarifa za idadi ya waliohamia, na hakuna aliyepata sifa kwa kuripoti matatizo. Hivyo serikali ilianza kulishwa habari zilezile ilizokuwa imezitengeneza. Huo ni ugonjwa wa kila utawala unaoziba midomo: unapomnyima mwananchi habari za kweli, nao unajinyima.

Maneno yanapomrudia msemaji

Itikadi ikishaenea, haibaki mali ya aliyeieneza. Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilikataza viongozi kuwa na kiburi, ubadhirifu na uonevu. Ulisomwa redioni na kufundishwa viwandani. Katika miaka miwili iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma, na wengine wakawafungia mameneja nje ya lango, wakiwa na Mwongozo mkononi. Hawakusema wanaipinga serikali. Walidai maneno yake yatimizwe. Mwanzoni serikali iliwasikiliza. Mgomo ulipogeuka kuwa mazoea, polisi waliitwa na baadhi ya wafanyakazi wakafukuzwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia jambo kama hilo. Jarida la wanafunzi, Cheche, liliuchambua ujamaa kwa ukali zaidi kuliko chama, likafungiwa mwezi Novemba 1970. Visa vyote viwili vinaonyesha kikomo cha nguvu ya kuunda maoni. Kila ahadi inayotangazwa kwa umma ni kipimo, na mtawala aliyewafundisha watu kuwa wao ni sawa na wakubwa wao hana budi kuwajibu wanapokuja kudai usawa huo.

Redio na foleni

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee na kueleza kwamba sababu ya kupigana ipo, uwezo upo na nia ipo. Nchi ilisimama pamoja naye. Hakukuwa na haja ya kumlazimisha mtu, kwa sababu uvamizi ulikuwa wa kweli na kila mtu aliuona. Tishio la nje ni miongoni mwa vitu vinavyowaunganisha wananchi na mtawala wao upesi, na watawala wasio waaminifu mahali pengi wamelibuni pale lilipokosekana.

Baada ya vita uchumi ulianguka. Gharama za vita, bei ya mafuta, ukame, mashirika ya umma yasiyozalisha na bei ndogo aliyolipwa mkulima vilikutana kwa wakati mmoja. Sukari, sabuni, unga na khanga vilipatikana kwa foleni, kwa kadi ya duka la kaya au kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Umma uliushangilia mwanzoni, kwa sababu ulitoa jibu la swali la nani ameficha bidhaa. Lakini maghala yalipokwisha kufunguliwa, foleni zilibaki.

Hapo pengo kati ya kinachosikika redioni na maisha halisi likawa wazi. Mikutano iliendelea kufunguliwa kwa mwitikio wa zidumu fikra za Mwenyekiti, yaani Nyerere, na watu waliitikia. Jioni haohao walinunua sabuni ya magendo kutoka mpakani. Kuitikia kulikuwa kumebaki desturi, huku maisha yakiendeshwa kwa hesabu nyingine. Hata hivyo Nyerere mwenyewe hakupoteza heshima. Aliishi bila kujilimbikizia mali na akang'atuka urais kwa hiari mwaka 1985. Watu walitofautisha mtu na sera, jambo linaloonyesha kuwa maoni ya umma yana akili zaidi kuliko wanavyodhani wanaojaribu kuyaongoza.

Asilimia themanini

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi kama nchi iendelee na chama kimoja au iruhusu vyama vingi. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni yao. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban 20 walitaka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Wengi wameuliza ilikuwaje wachache wasikilizwe. Tume ilitazama sababu za majibu na haikuishia kwenye idadi. Sehemu kubwa ya waliosema chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa, kama vile kuwabana viongozi na kuwapa wananchi sauti zaidi, mambo ambayo chama kimoja kilikuwa kimeshindwa kuyatoa kwa karibu miaka 30. Tume iliorodhesha pia sheria 40 zilizokandamiza haki na zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Nyerere, aliyeujenga mfumo wa chama kimoja, alikuwa miongoni mwa waliotetea mabadiliko.

Zipo sababu nyingine za kuisoma asilimia hiyo kwa uangalifu. Kwa mwananchi wa kawaida, chama kimoja kilikuwa na maana ya amani katika eneo lililojaa vita, na woga wa ukabila ulikuwa wa haki. Huo ulikuwa msimamo halisi. Lakini maoni mengi yalitolewa hadharani, mbele ya majirani na viongozi, na watu ambao kwa miaka mingi walifundishwa kuwa kupinga ni usaliti. Mjerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mtu anayejiona yuko peke yake hunyamaza, na kunyamaza kwake huwafanya wenzake wenye mawazo kama yake wajione nao wako peke yao. Katika hali hiyo hata mtawala mwenye nia njema hawezi kujua kura ya moyoni ni ipi.

Kenya ilikuwa imekwisha kutoa mfano mkali zaidi. Katika mchujo wa chama tawala, KANU, wa mwaka 1988 wapigakura walipanga mstari nyuma ya mgombea au picha yake, utaratibu ulioitwa mlolongo. Mahali pengi aliyekuwa na mstari mfupi alitangazwa mshindi mchana kweupe. Watu walikuwa wamejionea, na hakuna tangazo lililoweza kuwafumba macho. Hasira ile ilichangia maandamano ya Saba Saba ya 1990, na mwezi Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoruhusu KANU peke yake kikafutwa. KANU ilikuwa na redio ya taifa na wakuu wa wilaya mpaka siku ya mwisho, lakini ilikuwa imeshapoteza imani.

Baada ya sauti kuwa nyingi

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Tanzania ulifanyika mwezi Oktoba 1995, na Benjamin Mkapa, aliyepata kuwa mhariri wa magazeti ya chama na serikali, akashinda urais kwa karibu asilimia 62. Redio na televisheni za binafsi zilikuwa zimeanza Tanzania Bara mwaka 1994. Umma ukapata sauti nyingi, na madaraka yakapata mbinu mpya.

Ya kwanza ni fedha. Kofia, fulana, khanga na chakula cha mikutanoni vikawa sehemu ya kampeni, na mwaka 2000 sheria iliruhusu takrima za wagombea mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha ruhusa hiyo mwaka 2006. Ya pili ni umiliki: mwenye kituo cha redio anayetegemea leseni na matangazo ya serikali hujichuja mwenyewe kabla ya kuchujwa. Ya tatu ni sheria, kama ile ya makosa ya mtandao ya 2015 na ya huduma za vyombo vya habari ya 2016, ambayo mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilisema baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa jumuiya. Ya nne ni kuondoa jambo machoni: mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye televisheni ya taifa yalisitishwa.

Mbinu hizo zinatofautiana kwa sura, lakini zote hulenga yaleyale ambayo dola imeyalenga tangu zamani: nani aongee, swali gani liulizwe, na kitu gani kionekane. Kwa hiyo mwananchi anaposikia ujumbe wowote wa siasa, uwe wa serikali au wa upinzani, ana maswali manne ya kuuliza. Anayesema amejifunga nini yeye mwenyewe? Kinachosemwa kinaweza kuhakikiwa kwa macho? Anayebisha anapewa nafasi ya kusikika? Na jambo gani halikuzungumzwa kabisa?

Mtu ni Afya inapita katika mtihani huo; Operesheni Vijiji haipiti, ingawa zote mbili zilitoka kwa chama kimoja, redio moja na muongo mmoja. Serikali inayowaambia watu ukweli na kuwaachia nafasi ya kuijibu hupata ridhaa inayodumu hata siku ngumu. Inayotaka kusikia sauti yake peke yake hupata mwitikio mkubwa mkutanoni, lakini haijui umma unasimama wapi mpaka siku ya uamuzi.